Bega Moja Kwenye Godoro

Jumamosi hiyo Mkamwana alifika kwenye jengo la utafiti akiwa na maneno tisa tu mdomoni, na njia nzima alikuwa ameyarudia kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. Mama ameanguka. Amevunjika nyonga. Amelala chumba cha mbele. Anakuita. Alipanga ayaseme kabla salamu hazijaisha, kwa sababu alijijua: salamu zikiisha, ujasiri nao unakwisha.

Nesi wa mapokezi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta faili kutoka kabatini, akalilaza juu ya meza na kuligeuza ili Mkamwana asome mwenyewe.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Lakini hebu tazama hapa. Ukurasa wa tisa."

Ukurasa wa tisa ulikuwa na maswali na visanduku vya kutia alama. Iwapo utatokea ugonjwa au msiba katika familia yako, je, ungependa kuarifiwa kabla ya siku ya sitini? Ndiyo. Hapana. Alama ilikuwa kwenye Hapana, imekandamizwa kwa kalamu mpaka karatasi imebonyea.

Mkamwana aliikumbuka jioni ile. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na fomu magotini, anasoma maswali kwa sauti, na yeye anapiga pasi shati la kuendea usaili. "Na hili je?" mumewe aliuliza. Yeye hakuinua hata macho. "Weka hapana," alisema. "Habari mbaya utazifanyia nini nawe umelala? Zitakuumiza kichwa bure." Wakacheka. Mumewe akakandamiza kalamu.

"Basi abadilishe," Mkamwana alisema sasa. "Mwulizeni. Yule ni mtu mzima."

"Tukimwuliza kama anataka kubadilisha jibu hilo, si tutakuwa tumeshamwambia?"

Mkamwana alilisukuma faili kumrudishia nesi.

"Nitamwambia mimi. Mimi si mtafiti wenu. Mimi ni mke wake."

"Kwenye kioo nakaa mimi, dada. Sauti inapita kwenye kitufe changu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tumkinge na habari za namna hiyo. Ukianza, itabidi nikate." Nesi alilifunga faili taratibu, kama mtu anayefunika chakula. "Sisemi kwa ubaya. Mama yangu mwenyewe ni mtu mzima."

Walipita kwenye korido nyeupe mpaka mbele ya kioo kikubwa. Upande wa pili alilala mumewe, fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Ngazi kwa urefu wake. Kitanda chake kiliinamia kichwani, si sana, kama vile mtu amesahau matofali mawili chini ya miguu ya upande wa pili. Alikuwa amelala hivyo siku arobaini na nne. Alikula amelala, akaoga amelala juu ya kitoroli, akaenda haja amelala. Sheria ilikuwa moja na fupi: usiku na mchana, bega moja lazima liguse godoro.

Uso wake ulikuwa umevimba, macho yamekuwa madogo. Damu ilimpandia kichwani kama inavyowapandia watu walioko angani, na mifupa yake, ikiona haina mzigo wa kubeba, ilikuwa inajipunguza yenyewe. Ndicho walichokitaka wataalamu. Kulikuwa na watu wanaotayarishwa kwenda mbali angani, kuupita hata mwezi wenyewe, miezi na miezi ndani ya chombo, nao walitaka kujua watakaposhuka huko kama watakuwa na miguu ya kusimamia.

"Mpiga pasi wangu!" Sauti ya Ngazi ilitoka kwenye kisanduku cha ukutani. "Mbona umekonda hivyo, au ni mimi ninayekuona kwa miguu juu?"

"Ni wewe."

"Leo wamenipiga picha ya nyonga. Daktari anasema mfupa umepungua, anafurahi kama kashinda bahati nasibu. Wananilinda kama yai, mke wangu. Juzi nimepiga chafya, wamekuja watatu."

Mkamwana alicheka. Kidole cha nesi kilikuwa juu ya kitufe, kimetulia.

"Na mama? Bado ananisema?"

"Anakusema."

"Anasemaje?"

"Anasema... anasema alikulea usilale jua likiwa juu, na leo unalipwa kwa kulala." Hilo mama mkwe alilisema kweli, lakini lilikuwa la mwezi uliopita.

Ngazi alicheka mpaka kitanda kikatikisika, ila bega la kushoto halikubanduka. Lilikuwa limeshajifunza. "Mlete siku moja anitukane hapa kwenye kioo. Nimekumbuka kutukanwa."

"Atakuja," Mkamwana alisema, na nesi akatazama chini.

Dakika zilizobaki alimweleza habari za jirani aliyepaka ukuta chokaa ikabanduka, na Ngazi akamkosoa jirani huyo kwa furaha yote ya fundi asiye na kazi mkononi.

* * *

Chumba cha mbele kilikuwa kidogo, na kitanda cha mama mkwe kilikijaza. Kati ya kitanda na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu, na mbele yake mlango, ambao ndio ulikuwa mlango pekee wa nyumba. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha pili, alimolala Mkamwana na mumewe tangu waoane. Miaka minne walikuwa wanapita ubavuni mwa mama huyo wakitoka na wakiingia, naye hakuwahi kulala kiasi cha kutosema neno.

Alianguka siku ya arobaini ya Ngazi, akishuka kizingiti na beseni la maji. Hospitali walisema moyo wake hauwezi kuhimili upasuaji, wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu na maelekezo kwenye karatasi. Ageuzwe kila saa mbili.

"Umemwambia?" mama mkwe aliuliza kabla Mkamwana hajatua mkoba.

Njia nzima ya kurudi Mkamwana hakuwa ameandaa jibu. Kueleza habari za kisanduku cha Hapana kulikuwa ni kueleza ni nani aliyesema "weka hapana". Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo hata moyoni hakulisema kwa sauti. Malipo yote yalikuwa yanatoka siku ya sitini, kwa aliyefika siku ya sitini. Walikuwa wameshaona vyumba viwili mtaa wa pili, vyenye mlango wao wenyewe. Alikuwa ameushika mlango huo kwa mkono, akaufungua na kuufunga mara tatu mpaka mwenye nyumba akamwuliza kama una kasoro.

"Nimemwambia, mama."

"Kasemaje?"

"Kasema anamaliza."

Mama mkwe alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyeuza vitambaa miaka thelathini na kujua nani atanunua na nani anashikashika tu.

"Anamaliza nini?"

"Siku zake. Zimebaki kumi na sita."

"Za kulala?"

"Za kulala, mama."

Mama mkwe aligeuza uso ukutani. Mwili hakuweza kuugeuza. Aligeuza uso tu. Tangu hapo hakumtaja tena mwanawe wa mwisho, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne Mkamwana alipita ubavuni mwa kitanda kile bila kuambiwa kitu.

Alikuwa ameomba ukimya huo kwa Mungu mara nyingi. Sasa aliupata, na akawa anaburuza viatu makusudi ili aambiwe kitu.

* * *

Shemeji yake, kaka mkubwa wa Ngazi, alikuwa fundi baiskeli na kazi yake aliifanyia uani, chini ya dirisha la chumba cha mbele. Alikuwa mtu wa maneno. Kumgeuza mama alisema hawezi, yeye ni mwanamume. Ila dirishani alikuwapo kila baada ya kukaza spoku mbili za gurudumu.

"Nimesikia bwana mkubwa anamaliza," alisema. "Amalize. Huko ana daktari wa mifupa, daktari wa macho, daktari wa mkojo. Mtu mzima wa afya, hana hata mafua. Huku mgonjwa ana wewe."

"Shemeji, nishikie mto tu, nimgeuze."

"Mikono ina grisi." Akaionyesha. "Na hicho kiinua mgongo atakacholipwa, kwa mtu aliyelala chali siku sitini, si watakuwa wamemwinua kweli? Ha! Mama, umesikia hiyo?"

Mama mkwe hakucheka. Mkamwana mwenyewe alipitisha mikono chini ya mgongo wa mama, akavuta shuka kama alivyofundishwa, hesabu ya tatu, na mama akatoa sauti ndogo kupitia meno. Kwenye tako kulikuwa na wekundu wa mviringo. Asubuhi haukuwapo.

"Kimeota kidonda?" mama aliuliza.

"Kidonda gani, mama?"

"Nauliza mimi. Mimi siuoni mgongo wangu."

"Ni mwekundu kidogo tu."

"Usinidanganye kwa mgongo wangu mwenyewe," mama mkwe alisema, na Mkamwana akashindwa kujua kama alisisitiza neno la mwisho au la.

Kazini alikuwa amechelewa mara tatu wiki hiyo. Lilikuwa banda kubwa la dobi lililofua shuka za mahoteli, na wapiga pasi walisimama kwa safu, kila mmoja na meza yake yenye namba. Msimamizi hakuwa na tabia ya kufoka. Alimwita Mkamwana pembeni, lakini si pembeni sana, mahali ambapo safu nzima ingesikia.

"Meza namba nne inaombwa na watu saba," alisema. "Saba. Wote hawana wagonjwa."

"Ni mama mkwe wangu, bosi. Hana mtu mwingine."

"Mume wako yuko wapi?"

Mkamwana aliona aibu kusema, lakini kila mtu alikuwa anajua. Aliyejibu ni wa meza namba tano. "Mume wake kalala, bosi. Anakwenda mwezini kwa godoro."

Safu nzima ikacheka, na mvuke wa pasi ukapanda, na Mkamwana naye akacheka ili yaishe. Alikunja shuka hamsini na mbili bila kuinua macho.

* * *

Siku ya arobaini na tisa mama mkwe alianza kukohoa. Tabibu wa zahanati alikuja kwa miguu, akakaa kwenye ile nafasi ya kupita kwa ubavu, akasikiliza kifua mbele na nyuma.

"Mtu mzima akilala bila kusogea, mapafu yanajaa," alimwambia Mkamwana nje, karibu na baiskeli zilizopinduliwa. "Mifupa nayo inayeyuka. Na damu inaganda miguuni. Kulala si kupumzika kama watu wanavyofikiri."

"Najua," Mkamwana alisema. Alijua kweli. Kila Jumamosi mumewe alimsomea orodha hiyohiyo kwa majivuno.

"Watoto wake wako wangapi?"

"Wawili."

"Aliye mbali mwiteni."

Shemeji alikuwa amesikia. Alikifuta kiganja kwenye suruali, polepole, kidole kimoja kimoja, na safari hii hakutania. "Mimi nina ndugu mmoja tu," alisema. "Kama alijua mama yuko hivi akasema anamaliza, basi leo nimebaki peke yangu. Akija kuzika nitamfukuza mbele za watu. Mkumbushe hilo utakapokwenda kumchekea kwenye kioo."

Mkamwana aliingia ndani. Ilikuwa saa ya kumgeuza mama. Aliweka mikono, akaanza kuhesabu, moja, mbili.

"Ngoja," mama mkwe alisema. Pumzi yake ilikuwa fupi. "Siku ile ulipomwambia. Alicheka, au alinyamaza?"

"Siku gani, mama?"

"Unaijua. Nimeiwaza siku tano. Kama alinyamaza, ni mwanangu, amebanwa. Kama alicheka, sijui nilizaa nini. Niambie tu, sitakasirika."

Mikono ya Mkamwana ilikuwa bado iko chini ya mgongo ule. Alizisikia mbavu zikipanda na kushuka juu ya viganja vyake, nyepesi kama kikapu kitupu. Asingeweza kuitoa mikono bila kumwumiza, na asingeweza kusema uongo mwingine ikiwa pale.

"Sikumwambia," alisema.

Alimweleza yote: faili, kisanduku, kalamu, pasi, na nani alisema weka hapana. Vyumba viwili hakuvitaja, lakini mama mkwe alivitaja mwenyewe.

"Kwa ajili ya vile vyumba vyenu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo mwanangu hajui kitu."

"Hajui kitu. Anasema umwendee ukamtukane."

Mama mkwe alifumba macho, na machozi yakatoka pembeni yakaingia masikioni, kwa kuwa ndiko njia ilikokuwa. Kisha, jambo ambalo Mkamwana hakulitegemea, akatabasamu.

"Siku tano umenizika kabla sijafa, binti wewe. Ningekuwa na mkono ningekuzaba kofi." Akakohoa, akapumzika. "Sasa nisikilize. Sitaki aje. Aje kufanya nini, anitazame? Amalize siku zake, mkapange vyumba vyenu, mimi nipumue. Nataka ajue tu. Nisiwe nakufa huku, naye huko anacheka. Umeelewa? Ajue. Asije."

"Nimeelewa, mama."

"Haya, nigeuze."

Usingizi wa kwanza mwema tangu mama aanguke Mkamwana aliupata siku hiyo. Alijiona ameruhusiwa. Angesema ukweli, na mume angelala palepale alipo, na mlango wao ungebaki unawangoja mtaa wa pili.

* * *

Jumamosi ya siku ya hamsini na moja alimwambia nesi kabla hata ya kukaa.

"Leo namwambia. Kata ukitaka kukata."

Nesi alimtangulia koridoni. Alikaa kwenye kiti chake kando ya kioo, akaweka kidole kwenye kitufe, akamtazama Mkamwana kama mtu anayetazama gari likija.

"Mpiga pasi!" Ngazi aliita. "Umesikia redioni? Wanasema chombo kipya kimejaribiwa, kimerudi salama. Siku tisa zangu zikiisha, na mimi nimo humo, nasema kweli. Mguu mmoja wa huyo atakayeshuka kule ni wangu."

"Mume wangu, mama alianguka."

Kidole cha nesi kilibaki juu ya kitufe. Hakikubonyeza.

"Amevunjika nyonga. Yuko kitandani, na sasa kifua. Tabibu amesema walio mbali waitwe. Lakini yeye mwenyewe amesema usije. Amenituma hivyohivyo: ujue, usije. Umalize."

Ngazi alikuwa bado na tabasamu usoni. Uso uliovimba hauachii haraka. "Lini?"

"Siku yako ya arobaini."

"Siku ya arobaini na nne ulikuwa hapo ulipo."

"Nilikuwa hapa."

"Ukanieleza habari za chokaa."

"Ulisaini usiambiwe. Mimi nilisema weka hapana, nawe ukaweka. Wangenikatia sauti."

"Wangekata!" Ngazi alisema. "Ungepiga kioo! Ungelia! Ningeona mke wangu analia, ningejua kuna jambo. Wewe ulikaa hapo ukacheka na mimi."

Ilikuwa kweli kwamba hakuna kitufe cha kukata machozi, na kwamba hakulia.

"Siku tisa tu," alisema. "Mama mwenyewe kasema."

"Siku tisa, halafu siku kumi na mbili za kufundishwa kusimama. Hesabu." Alimtazama kwa macho yale madogo. "Atangoja?"

"Sijui."

"Wewe unamgeuza kila siku. Atangoja?"

Mkamwana alifikiri habari za pumzi ile fupi. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, fupi kuliko yote aliyowahi kuyabeba kuja pale.

"Hapana," alisema.

Bega la kushoto lilibanduka kwenye godoro.

Kengele ililia mahali fulani, na taa nyekundu ikawaka juu ya kitanda. Ngazi alikuwa ameketi. Kwa mara ya kwanza katika siku hamsini na moja kichwa chake kilikuwa juu ya moyo wake, na damu yote iliyokuwa usoni ikashuka kama maji ya beseni lililotoboka. Alisema kitu kilichoanza na herufi ya m. Kisha macho yakaenda juu, na yule mtu mrefu akaanguka kwa ubavu, taratibu kwanza, halafu ghafla, na watu watatu wenye makoti meupe wakaingia wakikimbia, mmoja ameshika mto, na akafanikiwa kuufikisha chini ya nyonga kabla haijagusa sakafu.

Mkamwana alikuwa amekibandika kiganja kwenye kioo. Nesi aliondoa kidole chake kwenye kitufe, akakitazama.

"Sikukata," alisema, hakuna aliyejua kwa nani.

* * *

Madaktari walimsihi abaki hata wiki moja, wamfundishe kusimama. Hawakumzuia, ilikuwa haki yake kutoka, imeandikwa ukurasa wa pili. Walimpa robo ya malipo, fimbo ya kutembelea na maonyo: asisimame ghafla, asibebe kitu, asianguke hata kidogo, mfupa wake kwa sasa ni kama wa mzee. Shemeji alikuja na teksi, akamlaza kiti cha nyuma. Alikuwa amejiandaa kumtukana. Alipomwona anavyobebwa mabegani, miguu inaburuzika kama ya mwanasesere, aliishia kumfungia vifungo vya shati.

Nyumbani ilionekana hawezi kukaa zaidi ya dakika chache bila kuzirai, na hakutaka kulazwa nyuma ya pazia. Alitaka kuwa na mama. Wakalitandika godoro sakafuni, kwenye ile nafasi ya kupita kwa ubavu, kati ya kitanda na ukuta. Lilienea barabara, mpaka kizingitini.

Mama mkwe alitazama chini.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama."

"Nilisema ujue. Nani kakwambia uje?"

"Nimekuja."

"Umekuja kulala? Si ungelala kulekule wanakolipa?"

Ngazi alilia kwa kicheko, au alicheka kwa kilio, na mama akamtukana barabara, matusi ya mwezi mzima, kwa pumzi fupifupi, huku mkono wake umening'inia ukingoni mwa kitanda na vidole vimezama katika nywele za mwanawe. Jioni mwenye nyumba wa mtaa wa pili alituma ujumbe kuuliza kama bado wanavitaka vile vyumba. Mkamwana aliusoma nyuma ya pazia, akajibu neno moja: Hapana.

Jumatatu asubuhi alikuwa amevaa nguo za kazi, mkoba begani. Alikuwa amemgeuza mama, amembadilishia shuka, amemwinua mume mara mbili anywe uji na mara mbili amemlaza kabla hajazirai. Wote wawili walikuwa wamefumba macho. Alisimama kwenye pazia.

Dirishani kulitokea kichwa cha shemeji.

"Msimamizi wako kapiga simu yangu," alinong'ona. "Anasema usipokuwa mezani saa mbili kamili, namba nne ina mtu. Wewe bado umesimama? Toka basi!"

"Nitapita wapi?" Mkamwana alinong'ona naye.

Shemeji alichungulia chini, akaliona godoro, akamwona ndugu yake amelijaza kutoka kitandani mpaka ukutani, miguu mirefu imekita kwenye mlango. Akakuna kichwa kwa mkono wenye grisi.

"Mruke," ilisema sauti ya mama mkwe. Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa. "Mruke tu, binti, nenda kazini. Mtu aliyelala mlangoni ana tofauti gani na mtaro?"

Mkamwana alivua viatu, akavishika mkononi. Aliinua pindo la gauni, akavusha mguu wa kulia juu ya kifua cha mumewe, akautua kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa godoro uliobaki kando ya miguu yake, karibu na mlango. Alikuwa anauvuta wa kushoto mkono ulipomshika kifundo. Haukumshika kwa nguvu. Hakuwa na nguvu.

"Niketishe kwanza," Ngazi alisema.

Juu ya kitanda mama alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisichofika mwisho, na katikati yake akatoa mkono nje ya shuka, akitafuta mtu.

"Nigeuze," alisema. "Upesi."

"Saa mbili kasoro dakika kumi!" shemeji alisema dirishani.

Mkamwana alisimama pale, mguu mmoja huku na mmoja kule, viatu mkononi, mlango uko mbele yake umbali wa mkono na haufunguki kwa miguu ya mumewe. Hakujua ageukie upande gani bila kumkanyaga mtu.

"Jamani, subirini," alisema. "Subirini kidogo."

Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kusubiri.